Musiseme Tena "Anafanya Gaston"

Vijana, mimi nitaanza na hasira, juu hasira njo imeniamusha kuandika. Wazee wengine wanaanzaka na salamu, kisha "kwa wakati yetu mambo ilikuwa muzuri." Mimi hapana. Salamu nitatoa ku mwisho, kama bado mutakuwa munanitaka.

Mwezi uliopita nilishuka Walikale kusalimia binti yangu mwenye aliolewa kule. Asubuhi nikaenda ku kivuko ya muto Lowa, fasi yenye nilitengenezaka motere za mitumbwi miaka kumi na tisa. Kijana moja alikuwa amesimama mu mutumbwi, anavuta kamba ya motere. Anavuta, inakohoa, inanyamaza. Anavuta tena, inakohoa, inanyamaza. Wenzake ku kando wakaanza kumupigia kelele: "Gaston! Gaston! Wee, leo unafanya Gaston!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ata mama mwenye alikuwa anauzisha mandazi akacheka pamoja nao.

Nikauliza ile neno ni nini. Wakanieleza bila haya yoyote: motere ikikatala asubuhi, mwenye iko ku kamba "anafanya Gaston." Wanasemaka ivyo tangu kale. Walizaliwa, wakaikuta.

Sasa musikie. Hatua sawa kumi kutoka pale, chini ya bashi ya bluu, ile turubai ya kuzuia jua, muzee moja alikuwa amekaa anasuka mitego ya samaki. Hakuinua kichwa. Vidole yake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea kusuka. Wale vijana hawakujua ni nani. Mimi nilijua. Yule njo Gaston.

Na kuna kitu inanichoma zaidi. Mu ile hadisi yenu, mimi njo muntu wa sifa. Munasema: Gaston alishindwa na motere, Papa Anselme akaja, akavuta mara moja, motere ikalia. Ni kweli, nilivuta mara moja. Ni kweli, ililia. Lakini ile hadisi ni uongo toka kichwa mpaka miguu, na leo nitaivua nguo mbele yenu.

Mimi si mutoto wa mai. Nilizaliwa Masisi, ku milima ya upande wa Kirolirwe, kwetu ni watu wa maharagi na mihogo, tunamujua Mungu na jembe. Muto yenye tulikuwa nayo, mbuzi iliivuka bila kuloana tumbo. Kazi ya motere nilijifunza ku mashini ya kusaga unga. Patron mwenye alinifundisha alikuwa muntu mukali, mufupi, anakupiga na kitambaa ya mafuta kama umeuliza swali ya upumbafu. Lakini alijua kazi. Alinipa maneno yenye sijaisahau: "Motere inataka vitu tatu: moto, esanse na pumuzi. Kama haijawaka, tafuta ni gani inakosa. Kama haujatafuta, usiguse."

Na alinifundisha kitu ingine, ya mulimani. Ku karibirateri kuna kibati moja kidogo ya mviringo, tunaiita starteri. Asubuhi, wakati motere iko baridi, unavuta kile kibati, inafunga mulomo ya karibirateri, hewa inapunguka, esanse, ile petroli, inaingia mingi, motere inaamuka. Sasa kule kwetu juu, hewa ni nyepesi. Ukifunga ule mulomo kabisa, motere inazama na esanse, bujii, yenye inatoa cheche, inaloana, umefungiwa kazi mpaka saa ine. Donc patron alikuwa anatoboa kile kibati, tundu ya kuingia njiti ya kiberiti, ili motere ipate pumuzi kidogo. Mashini zote za kusaga za upande ile zilikuwa na ile tundu. Mimi nilijua kuitoboa vizuri kupita yeye mwenyewe. Nilikuwa najivuna nayo.

Nikashuka Walikale nikiwa bado kijana, juu kulikuwa mitumbwi ya motere na hakukuwa mekanisie wa kuzitengeneza. Mbele ya kuanza kazi, muto ilinitisha. Gaston njo alinipokea. Alikuwa pilote wa mutumbwi munene wa komite ya kivuko, ule wenye ulikuwa unavusha mama wa soko na magunia yao. Alinifundisha kuogelea, akinishika tumbo na mukono moja, anacheka: "Wee muntu wa mulima, lala! Mai si adui yako, ni kitanda!" Bibi yake, Mama Sifa, alikuwa ananiletea samaki kila Siku ya Mungu, juu alisema mwanaume mwenye hana bibi anakulaka sawa mwizi. Niliishi karibu yao sawa muntu wa nyumba.

Gaston alikuwa pilote wa kweli. Hakuwa na maneno mingi. Alikuwa anasikia motere yake na miguu, anasimama peku juu ya mbao, na kama kuna kitu haiendi anakuambia mbele haijaharibika. "Anselme, leo iko inatetemeka kwa kushoto." Nafungua, nakuta bulo moja ya kukaza motere imelegea. Mara mingi alinifunza motere bila kushika ufunguo.

Sasa munapashwa kujua desturi ya pale, juu vijana wengine hamujaivuka Lowa. Ku kivuko kuna mizizi na mawe ya chini ya mai. Ukiwasha motere pale ku kando, elisi, ile panga ya kuzunguka ya motere, inavunjika. Donc watu wanapanda, kamba inafunguliwa, vijana wawili wanasukuma na miti mirefu mpaka fasi ya mai mingi, na pale njo pilote anavuta kamba ya motere. Kama inawaka, munaenda. Kama haiwaki, mai inawapeleka. Na chini kidogo kuna majabali.

Sikia vizuri: unafungua mutumbwi umejaa mama na watoto, kisha njo unauliza motere kama imelala salama! Gaston aliwaambia komite mara mingi: "Tufunge mutumbwi na kamba ndefu, tuufikishe ku mai mingi bila watu, motere iwake, ipate moto, kisha tuurudishe na miti, watu wapande." Komite wakasema hapana, ni kuchoma esanse bure. Esanse bure! Mpaka leo nikikumbuka ile neno damu inapanda. Waliona esanse ni mali, na mama wa soko na magunia yao ni nini?

Mwaka moja nilifanya kazi kubwa ku motere ya Gaston. Ilikuwa motere ya temps mbili, ile yenye unachanganya esanse na mafuta. Niliifungua yote. Nilipangusa, nilibadilisha segmenti, zile pete za pistoni, nilisafisha karibirateri, nikaitengeneza sawa vile patron alinifundisha, nikaifunga. Gaston akanipongeza. Tukakula samaki.

Nyuma ya pale njo asubuhi zikaanza kuwa mubaya. Motere ikiwa moto, hakuna shida, inawaka na kidole. Ikilala usiku, asubuhi inakatala. Gaston anavuta mara kumi, mara kumi na tano. Vijana wa miti wanashikilia mutumbwi mpaka misuli inatetemeka. Mama wanaanza kuomba Mungu kwa sauti.

Na hapa njo mulango ya wapumbafu ilifunguka. Kila muntu akawa mekanisie. Moja akasema bujii inapashwa kuchomwa ku mbabula mbele ya kuwasha. Wakaichoma! Wanaiweka mu makala sawa muhindi, wanaitosha na kikwembe, wanakimbia nayo mpaka ku mutumbwi. Ndiyo, siku zingine iliwaka, juu bujii ya moto inasaidia kidogo. Lakini umeponyesha nini? Muntu iko na malaria, wewe unamupa koti. Na porselini ya bujii inapasuka, unabakia na ugonjwa mbili.

Mwingine, muntu wa Goma na valise ya vifaa, akasema motere ni muzee, inataka mafuta mingi mu esanse. Wakaongeza mafuta. Motere ikatoa moshi mpaka hatukuona ngambo. Bujii ikawa nyeusi, imeloana, inanuka. Asubuhi ikakatala zaidi. Yeye akalipwa, akapanda pikipiki, akaenda zake. Mwingine akamwanga esanse moja kwa moja mu mulomo ya karibirateri, moto ukaruka ukamukula nyusi. Ule hakunihuzunisha sana.

Mimi nilifanya kazi kwa utaratibu, na bado nitawafundisha ile utaratibu, juu ni ya kweli. Tosha bujii, tazama rangi yake: ya kahawa ni muzuri, nyeusi ya kuloana ni mafuta ao esanse mingi, nyeupe ya kukauka ni pumuzi mingi. Igusishe ku chuma ya motere, vuta kamba, utafute cheche: ya bluu, yenye inalia, njo muzuri. Weka kidole ku tundu ya bujii, vuta: kama kidole inasukumwa kwa nguvu, segmenti ziko sawa. Finya ile poire ya mupira ku tuyo ya esanse: kama haikuwe nguvu, hewa inaingia fasi fulani. Tazama esanse yenyewe, imekaa siku ngapi, ilichanganywa na nani, mu bido gani. Na uwaze: motere yenye inakatala ikiwa baridi na inakubali ikiwa moto, mara mingi inakosa ile esanse mingi ya kuamukia asubuhi. Ya muchana iko nayo.

Nilijiambia naangalia yote. Nilirudisha mafuta ku kipimo, nikaweka bujii mupya, ikatoka nyeupe, ya kukauka. Iliniambia wazi kabisa: pumuzi mingi! Bujii haidanganyaka. Nikatafuta fasi hewa inaingilia. Nikabadilisha tuyo. Nikabadilisha poire. Nikabadilisha joenti za kuziba hewa. Fasi moja tu sikufungua: karibirateri. Juu karibirateri nilikuwa nimeitengeneza mimi mwenyewe, na kazi yangu ilikuwa muzuri. Nyani haonaka makalio yake.

Asubuhi moja ya ukungu, mutumbwi ulikuwa umejaa. Kati yao kulikuwa Mama Furaha, muuzishaji wa maharagi, mwenye alitoka Masisi na magunia tisa, ametembea sehemu ya njia ile na miguu. Kamba ikafunguliwa. Gaston akavuta. Wapi! Akavuta. Wapi! Miti ya vijana ikakosa chini. Mai ikawachukua. Mimi nilikuwa ku kando, niliona yote, nilikuwa napiga kelele sawa mwenye wazimu: "Starteri! Vuta starteri!" Na Gaston anajibu, sauti yake bado ninaisikia: "Imevutwa! Imevutwa, Anselme!"

Ilikuwa imevutwa. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Motere iliwaka ku mwisho kabisa, mbele ya majabali, lakini mutumbwi ulikuwa umegeuka kando, ukagonga, ukakunywa mai. Gaston alimushika Mama Furaha na nywele, akamutosha. Hakuna mwenye alikufa, Mungu asifiwe. Mama Furaha alivunjika mukono. Magunia yake yote tisa ikaenda. Alikaa ku muchanga anatazama muto, anasema tu, "Maharagi yangu. Maharagi yangu." Hakusema mukono ata mara moja.

Komite ikakusanyika kesho yake. Watu walijaa mpaka inje. Prezida wa komite, muntu wa tumbo na kalamu mbili mu mufuko, akasema: "Motere iko ile ile. Mekanisie ameifungua, ameiangalia. Inabakia nini? Inabakia mukono ya pilote." Mupwa wake alikuwa amekaa nyuma yake, anangojea kazi, amevaa tayari koti ya mupira. Yesu! Ata haya ya kungoja kidogo hakuwa nayo.

Gaston akasimama. "Mimi sikuharibu kitu. Navuta starteri kila asubuhi. Ile motere iko na ugonjwa." Prezida akanigeukia. "Fundi Anselme, motere iko na ugonjwa?"

"Niliangalia, sikuona kitu," nikasema.

Gaston akanitazama. Hakunitazama na hasira, alinitazama sawa muntu anauliza ndugu yake njia. "Anselme. Uliangalia yote?"

"Yote," nikasema.

Ile neno moja njo ilimufukuza. Musiseme ni prezida, musiseme ni mupwa. Wale walikuwa wabaya, nitawasemea mbele ya Mungu, lakini mulango niliwafungulia mimi. Gaston aliacha kofia yake ya pilote juu ya meza na akatoka. Nyuma ya mwezi moja akaenda Omate, ku machimbo, akabebea wachimbaji mizigo mu matope, yeye mwenye alikuwa anasikia motere na miguu. Mugongo yake iliharibikia kule.

Na sasa sikia sehemu ya kuchekesha, kama muko na roho ya kucheka. Mupwa wa prezida akashika motere. Asubuhi ya kwanza: wapi! Asubuhi ya pili: wapi! Anavuta mpaka ile koti ya mupira inapasuka ku kwapa. Je, watu wakasema, "Ah, kumbe Gaston hakuwa na kosa"? Hapana! Wakasema: "Munaona vile Gaston aliharibu motere ya watu." Haki ya Mungu. Muntu akishapakwa matope, ata mvua inamupaka ingine.

Wakaniita. Nikafika asubuhi, motere iko baridi, nikatosha kifuniko. Nikavuta starteri. Nikataka tu kusikia kama inavuta pumuzi, sawa vile unaweka mukono karibu na pua ya mugonjwa. Nikaweka kiganja ku mulomo ya karibirateri, nikaifunika, na mukono ingine nikavuta kamba.

Motere ikalia mara moja. Ililia mpaka ndege wakaruka ku miti.

Vijana, ile kitu muishike: kama starteri imevutwa na motere inakatala, lakini ukifunika mulomo na kiganja inawaka, starteri haifungi. Hakuna valise ya Goma inapita kiganja yako. Mimi nilisimama pale, motere inanguruma chini ya mukono yangu, nikaizima mbio. Juu nilijua mbele ya kufungua. Nilijua ni nini nitakuta.

Nikaitosha karibirateri, nikapeleka mu nyumba yangu, nikafunga mulango. Kibati kilikuwa na tundu. Ya mviringo, safi, imelainishwa na tupa, hakuna muntu mwingine mu Walikale yote mwenye angeweza kuitoboa vizuri ivyo. Nilikuwa nimeichukua desturi ya mulima, yenye hewa ni nyepesi, nikaileta mu pori, yenye hewa ni nzito, na mukono ilifanya bila kichwa kuuliza. Sikukumbuka ata siku nilitoboa. Mukono yenye imezoea haiombake ruhusa. Kule Kirolirwe ile tundu ilikuwa ujuzi. Ku Lowa ilikuwa ugonjwa.

Nikaziba tundu na risasi ya kuyeyusha. Kazi ya dakika tano. Dakika tano! Mukono ya Mama Furaha, magunia tisa, mugongo ya Gaston, yote ilikuwa inalala ndani ya tundu ya njiti ya kiberiti.

Kesho yake nikavuta mbele ya watu wote. Mara moja. Ikalia. Watu wakapiga makofi, wakanibeba. Prezida akauliza, "Ilikuwa nini, fundi?" Nikajibu, "Kitu kidogo ya karibirateri." Njo vile nilisema. Kitu kidogo. Na watoto wa kivuko wakaanza kuimba siku ile ile: Gaston anavuta, Anselme anavuta. Kutoka mu ule wimbo njo neno yenu ilizaliwa.

Mutaniuliza, kwa nini haukusema? Nilikuwa muntu wa kuja, nilikuwa na woga, nilikuwa na kiburi. Nilijiambia nitasema Gaston akirudi kutoka Omate. Akarudi, amejikunja, nikajiambia nitasema akipona. Mama Sifa aliendelea kuniletea samaki kila Siku ya Mungu, na mimi nilizikula. Nilizikula na mifupa, juu nilikuwa naona haya ya kumurudishia sahani na kitu ndani. Kisha nikarudi Masisi kulima maharagi, nikafikiri mambo imezeeka, imekufa. Neno haikufe, vijana. Nyinyi mulikuwa munaipatia chakula kila asubuhi.

Sasa turudi ku ile siku ya mwezi uliopita. Nikaenda chini ya bashi ya bluu, nikakaa kando yake.

"Papa Gaston."

Akanitazama sana. "Anselme. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nilizeekaka mbele," akasema, na akaendelea kusuka.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kibati, tundu, mulima, kiganja, risasi. Nilipomaliza, aliweka mutego juu ya magoti.

"Nilikuuliza mbele ya watu," akasema. "Nilikuuliza, Anselme, uliangalia yote? Ukasema yote."

"Nilisema."

"Na samaki ya Mama Sifa ulikula."

"Nilikula."

Akajipangusa uso na mukono. Nilifikiri analia, kumbe ni hasira, hasira ya mbichi sawa ya jana. "Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi nilijuaka sikuharibu kitu! Miaka yote nilijua! Unakuja kuniambia habari yangu mwenyewe? Waambie wale!" Akanyoosha mukono na mutego ndani yake, kwa wale vijana wenye walikuwa bado wanacheka, bado wanapigia mwenzao kelele na jina lake.

Nikasimama, nikaenda. Nilikuwa na maneno mu kinywa, nawaapia. Yule kijana alikuwa bado anavuta, jasho inamushuka, anataka kulia. Nikaingia mu mutumbwi, nikamuambia vuta starteri, nikaweka kiganja yangu ku mulomo, nikamuambia vuta kamba. Motere ikalia. Wale wote wakaruka juu: "Papa Anselme! Papa Anselme! Muzee bado anaweza!" Mama wa mandazi akanipa andazi la bure.

Na mimi, munihesabie ile haya pamoja na zingine, nikatabasamu. Nikapokea andazi. Nilipogeuka, fasi ya Gaston ilikuwa wazi, mutego imeanguka mu muchanga, haijamalizika.

Njo juu ya ile naandika, na nimeandika kwa hasira, na sasa munajua hasira yenyewe iko ya nani. Kazi nimewafundisha: bujii, kidole, poire, kiganja. Lakini kama mutasahau yote, mubakie na moja. Motere ikikatala, anza kufungua fasi yenye mukono yako ilipita mwisho. Hapo njo hautaki kufungua, na hapo njo anza.

Binti yangu atasoma andiko hii pale ku kivuko, asubuhi, wakati mitumbwi inajaa, kwa sauti ya kufika mpaka chini ya bashi ya bluu. Nilimuambia asisome kama Papa Gaston hajakaa. Na salamu nilisema nitaitoa ku mwisho, njo hii: nakusalimia Papa Gaston mbele ya watu. Haukuharibu kitu. Nilikuwa sijaangalia yote.

Nyinyi vijana, tokea leo, motere ikikatala ku mai, ile jina muiache. Museme, "Anselme alipitia hapa." Na mucheke. Mucheke kwa nguvu, ili Papa Gaston asikie.